“Tokeni hapa, mama anaomba!”

Mama, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Nina miaka 31, nimeolewa mwaka wa nane sasa. Mungu ametujalia watoto watatu: binti wa miaka sita aliyeanza darasa la kwanza mwaka huu, wa kiume wa miaka mitatu na nusu, na kitinda mimba wa miezi saba. Tunaishi Uyole, Mbeya. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Lubumbashi. Akiondoka anakaa wiki tatu, wakati mwingine nne, na siku nyingi zinaishia kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa. Ni mtu mwema. Hanywi, hela anatuma, akirudi tunakaa naye kama siku nane. Lakini nyumba naiendesha mwenyewe, sina dada wa kazi.

Ili tusitegemee mshahara wake peke yake, nakaanga maandazi. Usiku nakanda unga, saa kumi na nusu alfajiri nawasha jiko la mkaa, mtoto mgongoni maana akiamka asiponikuta anaamsha nyumba nzima. Saa kumi na mbili na nusu mwenye duka anakuja kuchukua 80. Baada ya hapo ni uji, shule, nepi, maji, chakula cha mchana, na wewe Mama unajua mengine.

Kabla sijaolewa nilikuwa mwombaji. Shuleni nilikuwa kiongozi wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo. Nilikuwa naamka saa tisa usiku naomba mpaka kunakucha, na Biblia nilishaimaliza mara mbili. Sasa hivi nikipiga magoti kando ya kitanda, nashtuka saa saba usiku nimelala pale pale, shingo imekakamaa. Biblia yangu iko juu ya kabati la vyombo, jalada limeingia unga wa ngano. Kwaya niliiacha kwenye mimba ya pili.

Yako mambo mawili yaliyonifanya nikuandikie. Julai, kwenye baridi ile, mtoto alipata homa ya mapafu tukalazwa siku nne. Alhamisi iliyofuata kwenye ibada ya akina mama, mwalimu wetu alifundisha Mithali 31, akasema mwanamke asiyeamka saa tisa kuwaombea watoto wake amemwachia adui mlango wazi. Hakunitaja jina, lakini kila mtu pale alijua nani ametoka wodini. Sijarudi tena Alhamisi.

La pili ni la wiki iliyopita. Nimetoka kuanika nguo, nikawakuta watoto nyuma ya nyumba wanacheza kibaba na kimama. Binti yangu amejifunga kanga yangu, amepiga magoti mbele ya ndoo iliyofudikizwa, ameshika daftari juu chini. Mdogo wake akamsogelea, akamvuta kanga. Aligeuka akampiga la mgongo, akasema, “Tokeni hapa, mama anaomba!” Mama, ilikuwa sauti yangu kabisa. Nilirudi ndani nikalia.

Naomba uniambie. Je, imani yangu imepoa, au imekufa? Mtoto aliugua kwa sababu yangu? Niache maandazi ili nipate muda wa Mungu? Na watoto hawa nitawaleaje katika imani wakati mwenyewe nimekauka?

Mama wa watatu, Uyole


Marahaba, binti yangu. Ameni, asifiwe.

Nianze na lile lililokukaba koo, maana ukiwa nalo hutasikia mengine nitakayosema. Mtoto wako hakuugua kwa sababu ulilala. Wanafunzi walipomwona yule mtu aliyezaliwa kipofu walimuuliza Bwana Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Jibu liko Yohana 9: si yeye, wala wazazi wake. Swali lile lile liliulizwa Alhamisi ile mbele ya wenzako, likajibiwa vibaya. Sina shaka mwalimu wenu anampenda Mungu. Lakini mwenye kufundisha Neno, akimwona mbele yake mama aliyetoka hospitali juzi, jambo la kwanza ni kumwuliza mtoto anaendeleaje na kama nyumbani kuna chakula. Mimi mwenyewe nimefundisha kipaimara miaka mingi, na najua jinsi ilivyo rahisi kusema neno kali kwa watu wote na likamwangukia mmoja.

Homa ya mapafu ina njia zake, na hapa nataka nikuambie jambo la jikoni. Moshi wa jiko unajulikana kuongeza hatari ya ugonjwa huo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Sikuambii hivi ili uhamishe lawama kutoka kwenye maombi kuipeleka kwenye maandazi. Nakuambia kwa sababu hili liko mikononi mwako. Mtoto asiwe mgongoni unapokaanga, kwa ajili ya moshi na kwa ajili ya mafuta ya moto. Jiko likae nje au barazani penye upepo, na mtoto alale ndani karibu na dada yake, mlango ukiwa wazi umsikie. Akilia, karai lishuke kwanza ndipo umfuate. Mwenye duka atasubiri. Na baridi ya huko ikirudi, msilale na jiko la mkaa chumbani hata kama mlango uko nusu wazi. Hewa yake inaua na haina harufu. Chukua na kadi ya kliniki uiangalie: chanjo ya nimonia hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na akifika miezi tisa anapata ya surua. Kama kuna nafasi iliyobaki wazi, nenda wiki hii. Kazi ya namna hiyo mimi naihesabu ndani ya kumwombea mtoto.

Sasa hiyo saa tisa. Wewe unaamka saa tisa, binti yangu. Mtoto wa miezi saba ananyonya usiku, na sidhani kama wako analala mpaka asubuhi. Tofauti ni kwamba zamani uliamka ukiwa peke yako, sasa unaamka na mtu kifuani. Basi omba ukiwa umelala ubavu, mtoto ananyonya. Zaburi ya 131 ina aya tatu tu, na katikati yake mwimbaji anasema nafsi yake imetulia mbele za Mungu kama mtoto aliyeachishwa alivyo kwa mama yake. Ishike kwa moyo. Itakuchukua siku mbili. Ukiisema saa tisa usiku gizani na Baba Yetu, halafu usingizi ukakuchukua kabla ya Ameni, umeomba. Usijiamshe kwa nguvu ili umalizie.

Wewe ni mtoto wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri, kama mimi, kwa hiyo ulikariri Katekisimo Ndogo, kile kitabu kidogo cha mafundisho ya imani, kabla ya kubarikiwa. Wengi wetu tuliikariri tukaiacha kule kanisani, tukasahau kwamba Martin Luther aliitoa mwaka 1529 ili ifundishwe nyumbani, na mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumba yake. Mle ndani mna namna ya kuomba asubuhi na jioni. Asubuhi: ishara ya msalaba, Imani, Baba Yetu, na ukipenda sala fupi, kisha uende kazini kwa furaha huku ukiimba wimbo. Jioni vivyo hivyo, na maelekezo yanaishia kwa kusema ulale mara moja na kwa furaha. Ulale mara moja! Yeye aliyetuachia urithi huu hakuona kwamba usingizi wa mtu aliyefanya kazi kutwa ni uasi. Na Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, malaika hakumletea ratiba ya maombi. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, Eliya akala akalala tena, akaletewa mara ya pili. Soma 1 Wafalme 19 ukipata nafasi, hata kama ni aya nane za mwanzo tu.

Hilo la Mithali 31 nalo linaniuma, kwa sababu limegeuzwa fimbo katika makanisa yetu mengi. Kuanzia aya ya 10 hadi ya 31 ni shairi la aya 22, na katika Kiebrania kila aya inaanza na herufi inayofuata ya alfabeti yao yenye herufi 22. Ni wimbo wa sifa kwa mke mwema, umepangwa ili uimbike na ushikike. Maisha yake mazima yameimbwa pale, miaka ya ujana na miaka ambayo wanawe wamekua wakaweza kuinuka na kumwita heri. Ratiba ya siku moja haimo. Na ile aya ya 15 inayosema huamka kabla ya mapambazuko, soma inaendeleaje: anawapa watu wa nyumbani chakula, na wajakazi wake sehemu zao. Mama yule alikuwa na wajakazi! Tena kinachotajwa pale ni chakula. Wewe saa kumi na nusu unakaanga, saa moja binti amekunywa uji yuko njiani kwenda shule. Ungemwimba mwanamke huyo, ungekuwa unajiimba mwenyewe.

Katharina von Bora, aliyeolewa na Luther mwaka 1525, alilima, alifuga, alipika bia, alilisha wageni na wanafunzi waliojaa kwenye nyumba yao kubwa ya Wittenberg iliyokuwa zamani ya watawa, na alizaa watoto sita. Mwaka 1535 mumewe alimwandikia rafiki yake kwamba amemwahidi Katharina gulden 50 akimaliza kuisoma Biblia kabla ya Pasaka. Natabasamu kila nikikumbuka barua hiyo. Hata katika nyumba ya mtu aliyeitafsiri Biblia kwa Kijerumani, mama wa nyumba alihitaji kusukumwa na kutafutiwa nafasi ya kusoma. Toa hiyo Biblia juu ya kabati, ifute unga. Chagua Marko, ndiyo Injili fupi. Soma kipande kimoja, hata cha aya kumi, mchana wakati yule mdogo amelala. Usiifidie siku uliyoikosa, endelea pale ulipoachia.

Nije kwa binti yako na ndoo yake. Hapa sitakubembeleza, maana hata wewe umeliona. Watoto wameshajifunza kwako kwamba mama akitaka kumfuata Mungu wao wanakuwa kikwazo. Marko 10 inasema wanafunzi waliwakemea waliowaleta watoto, na Yesu alipoona alichukizwa. Lakini mtoto huyo huyo amekufunulia na jambo jingine ambalo machozi yalikuzuia kuliona. Alipotaka kucheza kuwa mama, alipiga magoti. Kati ya kazi zote anazokuona ukifanya kutwa, kukanda, kufua, kupiga deki, amechagua hiyo. Mama aliyekauka haachi alama ya namna hiyo kwa mtoto wake.

Leo jioni mwite. Kaa chini mlingane naye, umwambie ulikuwa ukiwafukuza wakati wa kuomba, na ulikosea, na unaomba akusamehe. Usiongeze “lakini na ninyi mnasumbua.” Najua wapo wanaosema mzazi akiomba msamaha kwa mtoto anajishusha. Mimi niliuomba kwa wanangu, nao wananiheshimu mpaka leo. Baada ya hapo mpe kazi. Yeye ndiye awe anachagua wimbo wa jioni. Mdogo wake apewe ya kuzima taa, au kusema Ameni kwa sauti kubwa kuliko wote. Ibada isizidi dakika tano: wimbo beti moja, Baba Yetu, kila mmoja amtaje mtu mmoja wa kuombewa, na baba yao aliye njiani atajwe kila siku na mahali alipofikia, Tunduma, au Ndola, au kwenye foleni. Binti ataanza kujua kusoma karibuni. Siku akiweza, mpe aya moja asome yeye, daftari likiwa limegeuka upande wake. Watoto wakianza kucheka katikati ya sala, ngoja wamalize kucheka, endelea. Timotheo alipokea imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na Paulo anaposema hivyo hasemi kwamba nyumba yao ilikuwa kimya.

Umeuliza kama uache maandazi. Usiache. Ni ada, ni sabuni, ni akiba ya siku lori likiharibika njiani. Lakini punguza. Mwambie mwenye duka kwamba Jumapili hukaangi, na kama anataka basi Jumamosi umpe zaidi. Ukikosa wateja wawili kwa sababu hiyo, wapishe. Jumapili alfajiri lala mpaka mtoto akuamshe. Wakati wa kukanda usiku ndio niliokuwa nauwazia niliposoma barua yako, maana mikono inafanya kazi na kichwa kiko huru, na watoto wamelala. Bwana Yesu alitoa mfano wa mwanamke aliyetia chachu katika pishi tatu za unga, na sisi tunaojua kwamba pishi moja ni vibaba vinne tunaelewa kwamba mama yule alikanda mpaka mabega yakauma. Kutoka kwenye bakuli hilo akatueleza ufalme wa mbinguni ulivyo. Wewe uliyekuwa kwaya, imba hapo. Imba sauti yako ile ile ya kwaya hata kama nyingine hazipo. Ukifunika unga kwa kitambaa ili uumuke, funga na siku yako hapo hapo, uende kulala.

Mengine ya nyumba nitayapitia upesi. Maharage chemsha ya siku mbili, uyaunge kidogo kidogo na kuyachemsha vizuri kila unapoyarudia jikoni. Uji wa asubuhi upike unapomaliza kukaanga, makaa bado yana moto, uweke kwenye chupa ya chai. Shuka na nguo za kushindia usizipige pasi. Mtoto wa miaka mitatu na nusu anaweza kukusanya vijiko na kupeleka nguo chafu kwenye beseni, naye atafurahi. Ila binti yako wa darasa la kwanza asigeuzwe dada wa kazi kwa sababu tu ni wa kike na ni mkubwa.

Alhamisi rudi. Si lazima wiki hii. Nenda kwanza kwa mzee wa kanisa wa mtaa wenu au kwa mama mmoja unayemwamini katika jumuiya, umweleze ulivyoumia kama ulivyonieleza mimi. Ukiwa na nguvu, mweleze na mwalimu mwenyewe, faraghani na kwa heshima. Waambie pia unachohitaji, maana akina mama wetu wakijua hawakai bure. Unahitaji mtu wa kushika mtoto kwa muda wa saa mbili kila wiki. Na zamu ya jumuiya ikifika kwako, wapokee bila chai. Wape viti na maji ya kunywa. Nimeona wanawake wengi wakikimbia ibada za nyumbani kwao kwa aibu ya kukosa sukari na mkate.

Kuna jambo ambalo sitaki lipite. Unasema umekauka, umelia, umejitenga na wenzako. Pengine ni uchovu na maneno ya Alhamisi ile. Lakini mama akishajifungua anaweza kupata sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na inaweza kujificha kwa miezi mingi watu wakidhani ni imani iliyopoa. Kama huzuni haikuachi siku nyingi mfululizo, kama huoni ladha ya chochote, kama hulali hata mtoto akilala, au wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto linakupitia, mwambie muuguzi, na hilo la mwisho usisubiri siku ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo na mtu wa kukusindikiza. Sonona inatibika. Kwenda kutibiwa hakupunguzi imani yako hata chembe.

Sasa mumeo. Mwaka 1522, kabla hajaoa, Luther aliandika kuhusu maisha ya ndoa kwamba baba akifua nepi za mtoto wake na watu wakamcheka, Mungu pamoja na malaika wote wanatabasamu, kwa kuwa anafanya hivyo kwa imani. Msomee mumeo maneno hayo akirudi. Katika zile siku nane, ibada ya jioni na mtoto anayelia alfajiri viwe vyake, nawe ulale. Akiwa njiani, apige simu saa mbili usiku mkiwa mmekaa, simu iwekwe katikati, aseme Baba Yetu na wanawe. Madereva wenzake wakimsikia, wamsikie.

Nahisi mume huyu hajui nusu ya uliyoniandikia. Akikupigia akauliza “mko salama?” nawe ukajibu “tuko salama, wewe tu,” atakata simu akiamini hivyo, atalala kwenye lori lake kwa amani wakati wewe unakanda unga na machozi. Safari hii usimjibu hivyo. Mweleze ya hospitali upya, na ya Alhamisi, na ya ndoo. Anza na ya ndoo.